Wavu Kati Yangu na Mama Mkwe

Sogea karibu kidogo, wewe unayenisikiliza, na kama uko jikoni ni vizuri zaidi. Chukua kiazi na kisu. Kimenye kama kawaida yako, bila haraka, huku ukiitazama mikono yote miwili. Sasa badilisha: kisu kiende mkono wa pili, kiazi kije mkono wa kwanza. Utaona kisu kinayumba, na hilo ulilitarajia. Lakini tazama kiazi. Mkono wako wa nguvu, ule unaoutegemea kwa kila kitu, haujui kukizungusha. Unakishika kama mwanamume aliyepewa mtoto mchanga kwa mara ya kwanza. Miaka yote hii mkono wa pili ulikuwa ukifanya kazi ya ufundi na hakuna aliyeushukuru. Jambo hili sikulisoma popote. Nililijua mwaka ule nilipotoka migodini Masara nikafundishwa kushona nyavu na mama mkwe wangu huko Sori, na limenirudia sasa kwa sababu mwezi uliopita tulimzika.

Nitamwita Maro, maana ndivyo sisi Wajaluo tunavyomwita mama mkwe. Jina lake sikuwahi kulitamka alipokuwa hai na sitaanza leo. Vijana wa siku hizi hukumbatiana na mama wakwe zao mbele ya kamera za simu, wala siwalaumu, lakini sisi tulilelewa kwa desturi nyingine. Mkwe hampi Maro mkono. Hali naye meza moja, haketi ubavuni pake, hamtazami usoni akamkazia macho. Watu wa mbali hudhani hiyo ni chuki, na mimi huwaeleza kila mara kwamba ni heshima, tena heshima nzito kiasi kwamba unaibeba kwa mikono miwili. Hebu fikiria basi ugumu wake: unamfundishaje kazi ya vidole mtu ambaye huwezi kukaa kando yake, na vidole vyake huwezi kuvigusa?

Mwaka wenyewe ulianzia kwenye chumba cha mabati huko Masara, chumba ambamo kitanda na jiko viligawana ukuta mmoja. Mimi nilikuwa mvunja mawe. Wenzangu waliotoka chini walimwaga mawe ya dhahabu mbele yangu, nami niliyaponda kwa nyundo mpaka yakawa changarawe, na zamu yangu ilipofika nilishuka shimoni pia. Mkono wangu wa kulia ulijulikana. Watu walikuwa wakiniuliza kwa utani kama ninaulisha chakula chake peke yake. Kisha shimo la jirani yetu likabomoka. Rafiki yangu Ochola alifukuliwa akiwa hai, lakini miguu yake haikumbeba tena. Jioni ile mke wangu, Atieno, ambaye alikuwa na mimba ya mtoto wetu wa kwanza, alisonga ugali, akakaanga omena, dagaa wa ziwani, kwa nyanya nyingi jinsi nilivyopenda, akaniwekea mbele, akangoja ninawe. Mkono ulipokuwa bado umelowa ndipo aliposema.

"Ja-Suna," alisema, maana alizoea kuniita kwa mahali nilikotoka, "mtoto huyu atazaliwa na baba aliye juu ya ardhi. Ukishuka tena, mimi narudi kwa mama, na usinifuate."

Hakupaza sauti. Niliila omena ile yote nisiisikie ladha yake. Nilijua hasemi kunitisha, na nilijua pia kwamba nje ya nyundo na shimo sikuwa na kazi yoyote niliyoiweza. Shamba la kwetu lilikuwa dogo na lilikuwa na wenyewe wengi. Atieno ndiye aliyetoa wazo. Mama yake alikuwa mjane wa mvuvi, na tangu zamani alishona nyavu za watu pale Sori, ufukweni mwa ziwa. Boti haziendi popote kama nyavu zina matundu, alisema, na mtu anayejua kushona halali njaa. Mama angenifundisha. Nilimuuliza kwa njia gani, na yeye akanijibu kwamba hilo litajulikana hukohuko.

Tulipanga chumba nyuma ya soko la Sori, mbali na boma la wakwe zangu, kwa kuwa mwanamume kukaa kwa kina mke wake ni kujitafutia maneno. Maneno yenyewe hayakungoja. Karibu na kibanda cha Maro kulikuwa na kina mama walioanika omena juu ya nyavu chakavu zilizotandazwa chini, na siku ya kwanza tu nilisikia mmoja wao akimuuliza mwenzake, kwa sauti ya mtu anayetaka asikiwe, hivi wale ng'ombe wa mahari walitoka Suna wakaja Sori, au walitoka Sori wakaenda Suna? Kicheko kilichofuata kiliwafukuza ndege waliokuwa wakidokoa omena. Nilitamani kurudi Masara siku hiyohiyo. Ndipo nikasikia sauti ya Maro kutoka ndani ya kibanda, tulivu, ikimwambia Atieno awaulize majirani kama waume zao wanajua kushona hata kifungo.

Kibanda kilikuwa cha mafunjo, kimefunguka pande mbili. Katikati palipita kamba nene, na juu ya kamba wavu ulining'inia mpaka chini kama pazia. Maro alikuwa ameweka kigoda chake upande wa nyumba. Upande wa ziwa alikuwa ameniwekea dumu la kukalia. Hivyo ndivyo alivyokuwa amelitatua swali langu. Wavu ungekuwa kati yetu. Ningemwona vidole vizuri, uso kidogo tu, kipande kipande kupitia matundu, na hakuna ambaye angesema tumeketi pamoja. Mazungumzo yote yalipitia kwa Atieno, hata kama sote watatu tungeweza kugusana kwa kunyoosha mikono. "Mwambie mumeo aanze kwa kukata nyuzi zilizooza," Maro angesema. Atieno, akichambua mboga, angejibu, "Mama, amekusikia." "Najua amenisikia. Mwambie." Naye Atieno angeniambia maneno yaleyale, nami ningeitikia kwa Atieno. Mwanzoni tulifanya hivyo kwa uzito. Baadaye nilianza kusikia tabasamu ndani ya sauti ya Maro, ingawa sikuliona.

Nikueleze kazi yenyewe. Mkono mmoja unashika sindano, ambayo ni kipande chembamba cha mti kilichoviringishiwa uzi. Mkono wa pili unashika jicho la wavu, yaani nafasi ndogo kati ya nyuzi, unalivuta mpaka lifikie kipimo, na kidole gumba kinabana uzi mahali pake ili fundo likazwe bila kuteleza. Kaza mapema, jicho linakuwa dogo. Chelewa, linakuwa kubwa na samaki anapita huku akikucheka. Maro alishona polepole ili nimwone, akifunga fundo, akilifungua, akilifunga tena. Kisha, kwa kuwa hakuweza kunipa sindano mkononi, aliichomeka katikati ya wavu, ncha ikatokeza upande wangu, akarudisha mkono wake mapajani. Nami nikaichukua.

Niliichukua kwa kushoto. Utauliza kwa nini, na jibu ni rahisi ukijaribu kumwona kama nilivyomwona. Mkono wake wa kulia, uliofanya kazi, ulikuwa mbele ya mkono wangu wa kushoto, kama unavyojiona kwenye kioo. Alianzia upande mmoja wa tundu akaelekea wa pili, nami nikafuata njia ileile. Mkono wangu uliufuata mkono uliokuwa ukitazamana nao. Nilijua ni wa kushoto, sikuwa kipofu, lakini nilidhani hiyo ndiyo desturi ya kazi yenyewe. Nilikuwa mtu wa bara, mtu wa mawe. Kama kula ni kazi ya mkono wa kulia, basi kushona nyavu ni kazi ya wa kushoto, na wavuvi walikuwa na sababu zao. Sikuuliza. Mkwe haulizi ovyo.

Kwa siku nyingi vidole vile vya kushoto vilikuwa kama vya mtu mwingine. Mchana Atieno alileta chakula, samaki aina ya ngege wa kuchemsha na ugali wa mtama, Maro akaenda kula nyumbani kwake, mimi nikala peke yangu nikitazama ziwa. Nilikuwa nikiutazama mkono wa kulia ukikata tonge, ukilibonyeza, ukilichovya kwenye mchuzi bila kufikiri, na nikauonea wivu kwa niaba ya mwenzake. Lakini mvua zilipoanza kunyesha juu ya mafunjo, jambo fulani lilikuwa limeshabadilika. Fundo lilijifunga. Sindano ilipita na kurudi nikiwa nasikiliza kina mama wakizozana kuhusu bei ya omena na nani alimwona mume wa nani Migori mjini. Na mkono wa kulia, ule wa nyundo, ulikuwa umejifunza kitu ambacho sikukitarajia kutoka kwake: upole. Ulijua ukubwa wa jicho bila kipimo. Maro aliacha kunisahihisha. Kwake, kunyamaza ndiko kulikuwa kusifu.

Tumbo la Atieno lilikuwa limeshuka tuliposikia kutoka kwa mjomba wake kwamba kuna mzee mmoja Homa Bay, mwenye boti kadhaa, anayetafuta fundi wa nyavu wa kudumu. Watu wote walimwita Jaduong', yaani mzee wa heshima, nami nitamwita hivyohivyo. Nilifika kwenye banda lake asubuhi, mjomba huyo akinisindikiza. Lilikuwa chumba kirefu chenye harufu ya lami na samaki mkavu, benchi moja limeegemea ukuta, mafundi wameketi bega kwa bega na nyavu zimewamwagikia magotini. Nilisukumwa katikati ya benchi, mkono wangu wa kushoto ukiwa jirani na fundi mkuu, mtu mwembamba aitwaye Ouma. Mara tu nilipoanza, kiwiko changu kiligonga chake. Nikaomba radhi. Kikagonga tena.

"Bwana," Ouma alisema bila kuinua macho, "umekuja kushona au umekuja kunipiga?"

Benchi zima liliacha kazi kutazama. Ndipo nilipoinua uso nikaona kile ambacho wewe umeshakijua tangu mwanzo wa habari hii. Mikono yote ya kulia kwenye benchi lile ilikuwa na sindano. Yangu peke yake ilikuwa kushoto. Mtu mmoja akasema Sori wametuletea racham, yaani mtu wa mkono wa kushoto, na mwingine akasema nyavu zilizoshonwa kwa kushoto huwaelekeza samaki warudi nyumbani kwao. Jaduong' hakucheka. Aliniambia kwa adabu kabisa kwamba yeye hana neno na mkono wangu, ila benchi ni moja na viwiko ni vingi, kwa hiyo nishone kama wengine.

Nikahamisha sindano. Nilidhani itakuwa kazi nyepesi, kwa kuwa mkono wa kulia ndio uliokuwa mkono wangu katika mambo yote. Ulikuwa umepasua mawe. Ulikuwa umemshika Atieno siku ya harusi. Lakini ulipopewa sindano uliganda. Uzi uliteleza, sindano ikaingia jicho lisilo lake, na mkono wa kushoto, ambao sasa ulipaswa kushika na kupima, ukavuta kwa nguvu kama unafunga ng'ombe. Sikufunga fundo hata moja lililosimama. Ujuzi wote niliokuja nao ulikuwa palepale mwilini mwangu, umbali wa kifua kimoja tu, na haukuweza kuvuka. Watu walicheka mpaka Jaduong' akawanyamazisha, na namna alivyowanyamazisha ilinitisha kuliko kicheko, kwa sababu ilikuwa huruma. Aliniambia nipumzike, ninywe chai, kisha mjomba anisindikize kituoni.

Nilikunywa chai ile nimesimama mlangoni. Nilikuwa nikiiona Masara. Nilikuwa nikiuona ugali mbele yangu na Atieno akingoja ninawe mkono. Na pale nilipokuwa nimesimama ndipo vijana wa boti walipoingia na wavu wa mbuta, wale samaki wakubwa wa ziwani, ambao kiboko alikuwa amepita katikati yake. Tundu lilikuwa refu kuliko mtu aliyelala. Boti ilikuwa itoke jioni ileile. Ouma aliutandaza wavu, akakuna kichwa, akaanzia mwisho wa kushoto kama afanyavyo fundi yeyote wa mkono wa kulia, na wenzake wakatazamana, kwa maana watu wawili hawawezi kuanzia mwisho mmoja.

Sikuomba ruhusa. Nilienda kwenye mwisho wa kulia wa tundu, nikapiga magoti, nikachukua sindano kwa kushoto na kuanza kuja kwake. Ouma alinitazama mara moja. Kisha akainama. Tulishona. Nilisikia mikono yangu ikiongea lugha yake, ule mlio mdogo wa uzi unaokazwa, na upande wa pili nikasikia mlio kama huo ukinisogelea. Chai za watu zilipoa. Mtu alianza kutueleza jinsi kiboko yule alivyo mkubwa akaachia hadithi njiani. Jua lilikuwa bado juu tulipokutana katikati ya tundu, na tulipokutana kiwiko changu kikagonga chake.

"Umenipiga tena," Ouma alisema, na safari hii alikuwa anacheka.

Jaduong' alikuja akakanyaga upande mmoja wa wavu, akavuta wa pili kwa mikono yote miwili, kwanza mahali pa Ouma, kisha pangu, kisha pale tulipoungana. Alivuta mpaka mishipa ya shingo ikasimama. Halafu akaonyesha mwisho wa benchi, upande wa mlango, ambako upande wangu wa kushoto hapangekuwa na jirani. "Huyu akae pale," alisema. "Na matundu makubwa muyashone wawili." Nilikaa pale miaka mingi, mpaka nilipofungua banda langu mwenyewe, na Ouma hakuacha kuniita Racham hadi alipostaafu. Binti yetu alizaliwa Homa Bay kabla ya mwaka kwisha, baba yake akiwa juu ya ardhi, vidole vimejaa lami.

Tulimpeleka Sori Maro amwone. Nilikaa kwenye dumu langu, yeye kwenye kigoda chake, wavu kati yetu, mtoto mikononi mwake. Nikamwambia Atieno amuulize mama kama alijua kwamba nilikuwa natumia mkono wa kushoto wakati wote ule. Atieno hakuhitaji kuuliza. Nyuma ya wavu nilisikia Maro akicheka, kicheko kirefu cha mtu aliyekitunza.

"Mwambie mumeo nilimwona siku ya kwanza," alisema. "Ningemwambiaje mkwe wangu habari za mkono wake? Halafu nikaona fundo la tatu ni zuri. Nikasema, mwache, mkono umeshaipata njia."

Nimefundisha wengi tangu wakati huo, na swali hilo la Maro nimelibeba. Vijana huja kwangu wakiniambia wana mkono mmoja mzuri na mmoja mbaya. Huwa nawapa kiazi na kisu. Wakishaona, nawaeleza kwamba hawana mkono mbaya. Wana mikono miwili iliyosomea kazi tofauti, na kila mmoja hauijui kazi ya mwenzake hata kidogo. Mimi mpaka leo siwezi kuandika jina langu kwa kushoto, na siwezi kufunga fundo la wavu kwa kulia. Watu huniona kituko. Mimi najiona mtu aliyefundishwa vizuri mara mbili.

Mwezi uliopita, baada ya maziko, wageni walipokuwa wanakula, shemeji yangu alinifuata akaniambia kuna kitu kibandani ambacho hawajakigusa. Mafunjo yalikuwa yamebadilishwa mara nyingi lakini kamba ilikuwa ileile. Wavu ulining'inia. Kigoda kilikuwa upande wa nyumba, kitupu. Tundu lilikuwa limeshonwa nusu, mafundo madogo yaliyo sawasawa, na pale alipoishia, sindano ilikuwa imechomekwa kwenye wavu, ncha ikiwa imetokeza upande wa ziwa. Huenda aliichomeka tu kama alivyozoea, akaenda kulala. Sikuzunguka. Niliketi upande wangu, nikaichukua kwa kushoto, na kutoka kwenye fundo lake la mwisho nikaendelea. Njia yetu ilikuwa moja. Nje, Atieno aliacha kuwapakulia wageni, akaja akasimama karibu nami, na kwa mara ya kwanza hakukuwa na neno la kupitisha.

Basi nawe, siku utakapomfundisha mtu kazi ya mikono, usimpe chombo mkononi. Kiweke katikati yenu, rudisha mikono yako mapajani, na ungoje uone ni mkono wake upi utakaokuja kukichukua.